Kezilahabi: nianzie wapi?

Muulizaji, Langoni, Lamu
Assalaam aleikum. Nimelelewa kwa tenzi na hadithi zenye mwanzo na mwisho, na juzi niliazima Nagona, riwaya ya Kezilahabi, nikidhani kitabu chembamba vile ningekimaliza jioni moja barazani. Nimekirudia mara tatu, na bado sijui msimulizi anaelekea wapi. Je, kuna mlango mwepesi zaidi wa kuzifikia kazi za Euphrase Kezilahabi?

Msomaji wa Mkomani
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeanzia mwishoni. Nagona ilitoka mwaka 1990, na Mzingile, inayoiendeleza, ikafuata 1991, baada ya mwandishi kuuacha uhalisia wa riwaya zake za awali. Anza na Rosa Mistika ya 1971, ambayo kisa chake kinaanzia Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwenyewe, na masimulizi yake hayapotezi msomaji. Kisha usome Kichwamaji ya 1974, kwa kuwa humo mhusika mkuu, Kazimoto, anauliza waziwazi maswali yale yale ya maana ya maisha ambayo Nagona inayauliza kwa mafumbo.

Mwalimu mstaafu, Shela
Nakubali, isipokuwa jambo moja: usiirudishe Nagona. Mtu wa tenzi amezoea fumbo, na mimi binafsi niliielewa zaidi nilipoisoma kwa sauti, sura moja tu kwa usiku, bila kudai kila tukio lizae jingine.

Muulizaji
Ahsante, maalim. Kichwamaji nimeahidiwa na jirani. Rosa Mistika bado naitafuta.