Skopu ya upinde wa kampaundi kwa mita 50: nichukue lenzi ya nguvu gani?

Mlengaji wa Nyegezi:
Ndugu zangu, habari za jioni. Nimenunua upinde wa kampaundi (ule wenye kapi kwenye ncha) uliokwisha kutumika, wenye kilengeo cha pini tatu cha wawindaji, nami nataka kukibadilisha niweke kilengeo cha shabaha chenye skopu, yaani kile kiduara chenye lenzi. Muuzaji ananihimiza nichukue lenzi namba 8, ilhali mwenzangu wa upinde wa rikavu (ule usio na kapi, wenye ncha zilizopinda) hatumii lenzi kabisa. Nifuate lipi, ikizingatiwa kwamba tunafanyia mazoezi uwanja wa wazi kandokando ya ziwa hapa Mwanza?

Mshale Mmoja:
Mwenzako asikuchanganye. Kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinawakataza watu wa rikavu kutumia lenzi ya kukuza, pima maji na tundu la kuchungulia kwenye upote (kamba ya upinde), lakini kampaundi inaruhusiwa vyote vitatu.

Kuhusu namba, muulize muuzaji dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi. Lenzi inayouzwa kama namba 4 kwa kawaida ni ya dayopta 0.5, nayo ikikaa sentimita 75 mbele ya jicho hukuza mara 1.6 tu, wala si mara nne. Kadiri nguvu inavyopanda, ndivyo unavyouona mtetemo wa mkono wako mwenyewe: duara la alama kumi, ambalo kwa mita 50 lina kipenyo cha sentimita 8, litacheza mbele ya macho mpaka uanze kuuachia mshale kwa pupa. Anza na 0.5, hiyo namba 8 mwachie muuzaji.

Bibi Timazi:
Naafiki, ila mimi ningetazama kwanza tundu la upote, kwa sababu ukivuta upinde, ukingo wa skopu unapaswa kuenea ndani ya tundu hilo kwa usawa pande zote, ukiacha uzi mwembamba tu wa mwanga. Kwa upepo wa ziwani unaovuma mchana, chukua skopu ndogo, kwani pana hushika upepo na kuutikisa mkono. Jua la jioni nalo huwaka juu ya kioo, hivyo tafuta kikinga jua.

Pima maji usiiamini kwa kuwa tu imetoka dukani. Ning'iniza timazi, simamisha upinde sambamba na uzi wake, kisha rekebisha skopu mpaka kiputo kikae katikati. Upinde ukilala kidogo tu, mishale huhamia upande ule ule, nawe utaulaumu upepo bure.

Mlengaji wa Nyegezi:
Ahsanteni sana. Bibi, na mishale ikijikusanya kushoto, skopu naisogeza wapi?

Bibi Timazi:
Kushoto vilevile, mwanangu; kilengeo huifuata mishale. Ikiwa juu, pandisha. Lakini usikiguse kwa ajili ya mshale mmoja uliopotea: piga mishale yote sita ya zamu, tazama kundi limekaa wapi, ndipo usogeze.