Mpapindi au mvumo mbele ya nyumba?

Kigamboni_Mpya: Wakuu, salaam. Ukuta nimemaliza, sasa nataka mti mmoja wa maana pale mbele, si hii miashoki ya kila mtaa. Nimebaki na miwili, yote jamii ya mnazi: mpapindi wa Pemba au mvumo. Jumamosi napita kwa wauza miche. Nichukue upi?

BiShamba_Tanga: Mdogo wangu, mbona hujasema kitu? Uwanja una ukubwa gani? Udongo je? Maji ya bomba au ya kisima?

Mwana_wa_Wete: Mpapindi, wala usihangaike. Porini unaota kwetu Pemba tu, msitu wa Ngezi ndiyo kwao hasa. Unakua kwa kichaka, vigogo vichache vyenye pete kama mwanzi, na matunda yakiiva huwa mekundu. Ukiwa mchanga uwekee kivuli.

Fundi_Bustani: Shida ni miche. Wengi watakuuzia areka, ile ya Bukini (Madagaska), wakiiita mpapindi. Tazama vikonyo vya majani: vya areka vina umanjano na vidoa vyeusi, na machipukizi yamesongamana chini.

Mzee_Minazi: Mvumo uliniumiza. Nilifukia kokwa tatu kwenye ndoo za lita 20. Miezi mitatu juu kimya, nikadhani zimeoza. Nikaimwaga ndoo ya kwanza: chipukizi jeupe, nene kama kidole gumba, limeshuka hadi kwenye kitako, limekosa pa kwenda, limejikunja. Mvumo unashuka kwanza, jani linaanzia huko chini. Nikalinyanyua kwa mikono miwili, likakatika pale linapoungana na kokwa. La pili vivyo hivyo. La tatu nikaipasulia ndoo ndani ya shimo. Likatoa jani moja, kiangazi likakauka. Kokwa ya mvumo ifukie palepale mti utakapoishi, usiihamishe. Kisha ujue utakaa miaka mingi ukitazama majani tu, kigogo hakijatokea.

Kigamboni_Mpya: Samahani, nilisahau. Uwanja ni hatua nane kwa kumi, mchanga mtupu. Maji ya kisima, yana chumvi kidogo.

BiShamba_Tanga: Hilo la chumvi ndilo lilitakiwa lianze! Basi panda mkoche, nao ni jamii hiyohiyo, pwani ndiyo nyumbani kwake.

Mwana_wa_Wete: Mkoche una miba kwenye vikonyo, na nyumba ina watoto. Mpapindi, dada. Amwagilie maji ya mvua, atandaze majani makavu na samadi.

Fundi_Bustani: Samadi iliyooza na kukauka! Kwenye lundo linaloendelea kuoza chonga, wale mbawakawa wa minazi, wanataga, halafu wanahamia kwenye moyo wa minazi.

Kigamboni_Mpya: Shemeji yangu yuko Konde, anasema ataniokotea mbegu Ngezi kwenyewe.

Mwana_wa_Wete: Hapana, ndugu yangu. Ngezi ni hifadhi, na mti wenyewe ni adimu. Aombe kwa mwenye mpapindi uani kwake. Zije mbichi, nyama ya tunda aitoe.

BiShamba_Tanga: Mbegu hizo azisubiri mpaka lini? Mkoche.

Mzee_Minazi: Kuhusu chonga, Fundi kasema kweli. Mwaka jana nimewatoa saba kwa waya wenye ndoano, mnazi mmoja.

Pangani_Yetu: Mzee, shikamoo. Huo waya unauingiza vipi bila kuumiza moyo? Leo asubuhi nimekuta tundu chini ya kuti changa, na makapi yake bado yana unyevu.

Mzee_Minazi: Marahaba. Usingoje kesho. Weka picha ya hilo tundu hapa.