Mrejesho: kurasa za MAFF zimeingia kwenye Zim

Wakuu, niliuliza namna ya kuhamisha kurasa za wavuti nilizohifadhi zamani kwa kivinjari cha Firefox, mafaili ya MAFF (ukurasa mzima na picha zake katika faili moja) kuhusu mkonge na mapango ya Amboni, kwenda kwenye daftari langu la Zim, programu ya kuandikia maelezo kwenye kompyuta. Zimeingia.

Aliyesema MAFF ni faili la zipu (mafaili yaliyobanwa pamoja) lililovaa jina jingine kanifaa mno. Nimebadili kiishio kuwa .zip, nikafungua: ndani mna index.html, folda ya picha na index.rdf. Hiyo ya mwisho msiitupe! Ndiyo inayotunza anwani asili ya ukurasa na tarehe ulipohifadhiwa. Kiongezi cha kusomea MAFF kiligoma tangu Firefox 57 ya mwaka 2017, kwa hiyo mafaili yalikuwa yamelala tu.

Kisha Pandoc, programu ya kugeuza miundo ya nyaraka, imegeuza HTML kuwa zimwiki, muundo wa maandishi unaosomwa na Zim. Menyu na matangazo vimeingia navyo, navifuta kwa mkono jioni nikitoka kazini hapa Tanga. Majedwali makubwa yamevurugika. Kwa hayo nimeambatisha HTML ya asili, basi.

Zimebaki kurasa za MHTML, muundo mwingine wa kuhifadhi ukurasa mzima katika faili moja. Hizo si zipu, zimefungwa kwa muundo wa barua pepe, nitazigeuza wikiendi. Ahsanteni sana.