Mjadala: Kamera za walio mjini zilinde vihamba (mashamba ya ukoo Uchagani, Kilimanjaro, yenye nyumba na migomba) wakati wa maafa, au hela hiyo alipwe mgambo?

Mleta hoja, Machame

Wakuu, naomba tulijadili hili kabla michango haijaanza kukusanywa. Wenzetu walioko Dar na Arusha wameleta pendekezo kijijini: kila nyumba isiyokaliwa ifungwe kamera ya laini (inayotuma picha kwa laini ya simu) yenye sola, nyingine mbili tatu zikae njia panda na darajani, picha ziingie kwenye simu zao. Sababu wanayotoa ni maafa. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishukia Katesh likaua watu zaidi ya 80. Aprili 2024 maji yaliingia majumbani Moshi. Ikitokea huku juu, watu wakahamishiwa shuleni, nani atajua kinachoendelea kwenye nyumba zilizoachwa?

Swali ni la haki kabisa. Nyumba nyingi huku zinajaa watu Desemba tu, mbege na mbuzi, wiki mbili basi. Januari anabaki babu, kijana wa kukata majani ya ng'ombe, na kufuli. Jibu lao ndilo linalonisumbua.

Kamera ya laini inaishi kwa jua, mnara na bando, na masika yanavipiga vyote kwa mpigo. Aprili ukungu unaweza kukaa kutwa, na paneli nyingi nilizoziona zimefungwa chini ya migomba na miparachichi. Umeme ukikatika, mnara unategemea betri na jenereta, na barabara ikikatika hakuna wa kupeleka mafuta. Hata bila mvua mambo si salama: Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Oktoba 29, 2025 ikazimika kwa siku kadhaa, siku zile zile ambazo kila mtu alitaka kujua kwao kukoje.

Tuseme vyote vimekaa sawa. Uko Kariakoo saa nane usiku, simu inalia, unamwona mtu anatoka kwako na godoro kichwani. Halafu? Utapiga 112, polisi watapokea, lakini daraja limeondoka. Atakayefika ni jirani, na jirani huyo hakuna aliyemlipa wala kumuuliza kama yuko tayari.

Msimamo wangu: sipingi kamera. Napinga ifungwe hata moja kabla hajapatikana mtu wa kukimbia, anayelipwa, mwenye tochi, buti na mwenzake.

Dada wa Dar, kwao Kibosho

Kaka, unaongea kama vile mgambo hatujawahi kuwa naye. Tulimlipa. Pampu ya maji ikaondoka akiwa zamu, hakuona wala kusikia kitu. Usinilazimishe nimtaje aliyeonekana nayo wiki iliyofuata. Wezi wa wakati wa maafa huku kwetu si wageni, ndiyo maana wanajua nyumba ipi haina mtu.

Kwa mama nimefunga kamera kwa hela yangu. Masika yaliyopita niko kazini nikaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita mbele ya jiko la nje, kuni zinaelea. Mama amelala ndani, simu haipokei. Nikampigia mjumbe, akaenda na vijana wakamtoa. Mwambie mama yangu kamera haina maana.

Fundi wa kamera, Njiro

Nachangia kwa yale ninayoyafunga. Kwanza bando: kamera ikirusha video mfululizo kwa megabiti 1 tu kwa sekunde, inakula MB 450 kwa saa. Kwa siku ni zaidi ya GB 10. Kwa hiyo isirushe mfululizo. Irekodi kwenye memori kadi, itume picha inapotambua mtu.

Pili, za bei ya chini hazitambui mtu, zinatambua kitu kimetikisika. Kwenye migomba hiyo ni balaa, kila jani likipepea arifa inaingia. Nina mteja aliyechoka kelele akazima sauti, na akaibiwa ikiwa imezimwa. Tatu, buibui wanapenda kujenga mbele ya kioo, na usiku ile taa ya infraredi (mwanga wa kamera usioonekana kwa macho) inaumulika utando wao. Ukifungua picha unakuta utando umetanda, kama pazia jeupe, huoni hata geti. Lazima awepo mtu wa kupanda na kitambaa kufuta kioo, hapo namuunga mkono mleta hoja. Na paneli iwekwe juu ya bati kwa waya wake. Ile iliyogandishwa mgongoni mwa kamera, huko kwenye ukungu, msinunue.

Mama wa Uru

Mnaongelea wezi na betri. Mimi niulize ya kwangu. Kamera ya jirani inatazama mfereji. Pale ndipo tunapofulia, tunapoogesha watoto. Juzi nilipigiwa na mtu wa ukoo wao aliyeko Mwanza, salamu za kawaida, akaniuliza mbona siku hizi nachechemea. Sikuwa nimemwambia mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Inataka mtu ajulishwe kwamba taarifa zake zinachukuliwa na kwa kazi gani. Watasema kamera ni ya nyumbani kwao. Sawa, ila mfereji ni wa wote, na hakuna aliyetuita kutuambia.

Mgambo mstaafu, Usa River

Kuna aliyeniambia tununue droni badala yake. Droni inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hiyo hapo, ndege zinapita kichwani. Kwenye mvua ya masika nayo hairuki. Tuiache.

Halafu dada, mgambo asiyelipwa miezi mitatu analala kweli. Mimi nililala.

Mleta hoja, Machame

Dada, aliyemtoa mama ni mjumbe na vijana. Walikwenda bure, na nashukuru walikwenda. Kitongoji cha pili wangeweza wasiende. Hilo tu ndilo ninalotaka tulilipie.

Mapendekezo yangu kwa mkutano wa kijiji ni haya. Ya darajani peke yake isisubiri mtu wa kukimbia, ifungwe kesho, kwa sababu itatazama mto, na mtu wa chini akijua maji yanapanda anahama mapema. Ya njia panda isifungwe kabisa. Za majumbani zitazame mlango na ua wa mwenyewe, zisivuke masale, ile mimea ya mpaka. Na kila mwenye kamera alipe kila mwezi kwa watu wawili wa kitongoji watakaochaguliwa hadharani, ambao arifa itawafikia wa kwanza.

Dada wa Dar, kwao Kibosho

Kulipa nitalipa. Lakini arifa ya nyumba yangu iwafikie kabla yangu? Hapana. Na kama mmoja wao ndiye wa ile pampu?

Fundi wa kamera, Njiro

Inawezekana ikawafikia pamoja. Programu nyingi zinakuruhusu kumshirikisha mtu wa pili picha bila kumpa uwezo wa kufuta, na ukimtilia shaka unamwondoa hapo hapo.

Dada wa Dar, kwao Kibosho

Pamoja sawa. Kabla, hapana.

Mama wa Uru

Nasubiri bado. Ile ya mfereji inageuzwa lini?