Mjadala: Turudishe wakongwe safu ya mbele ya Cranes, au tuwaachie Okello, Mato na Omedi?

Tangu Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, warudi kutoka Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kule Moroko na pointi moja, maneno kwenye vibanda vya mpira hapa Kampala ni hayo hayo: mbele hatuna mtu, waiteni wakongwe. Mimi napinga, na naomba anayekubali na anayekataa tukutane hapa tukiwa na hesabu mkononi.

AFCON 2025 tulicheza mechi tatu. Tunisia walitufunga 3-1, tukatoka 1-1 na Tanzania, kisha Nigeria wakatufunga 3-1. Mabao yetu yalikuwa ya Denis Omedi, Uche Ikpeazu na Rogers Mato. Matatu. Mwaka 2019 kule Misri, Emmanuel Okwi akiwa moto kwelikweli, tulicheza mechi nne na tukafunga mabao matatu vilevile: Patrick Kaddu moja, Okwi mawili. Mwaka 2017 kule Gabon tulipata moja tu katika mechi tatu, la Farouk Miya dhidi ya Mali.

Tazama na mechi za kufuzu. Safari ya AFCON 2021, wakongwe wengi wakiwa bado kikosini, tulifunga mabao matatu katika mechi sita, na moja kati ya hayo lilifungwa na beki, Halid Lwaliwa. Tulifungwa na Sudan Kusini pale Nairobi, tukamalizwa na Malawi, tukabaki nyumbani. Safari ya AFCON 2025 hawa vijana walifunga manane katika mechi sita, yakiwemo mawili ugenini kwa Afrika Kusini. Anayesema safu ya mbele imekufa tangu wazee waondoke anionyeshe mwaka ambao ilikuwa inafunga kuliko sasa.

Kinachoniuma mimi ni namna tunavyoachana na wachezaji. Mshambuliaji Geoffrey Massa alistaafu baada ya Gabon. Kipa Denis Onyango na beki Hassan Wasswa wakaaga mwaka 2021. Okwi na Miya majina yao yalipotea tu orodhani, leo yupo, kesho hayupo, bila kuachwa wakae msimu mzima pembeni ya anayekuja. Na huyo Miya alipofunga bao la kutupeleka Gabon, dhidi ya Komoro pale uwanja wa Namboole Septemba 2016, alikuwa na miaka 18. Hakuna aliyesema ni mtoto. Leo ana 28 na mtaani anaitwa mkongwe!

Ninachotaka ni hiki. Allan Okello, Mato, Omedi na Steven Mukwala waachwe pamoja, mechi baada ya mechi, hadi AFCON 2027 tuliyopewa kuandaa na Kenya na Tanzania. Kazi kubwa ya kocha iwe mpira unavyowafikia. Okello ni mtu wa mguu wa kushoto, anapenda kupokea mpira kati ya viungo na mabeki wa upande wa pili, akiwa ameshageuka kutazama goli. Akilazimika kushuka mpaka kwenye duara la katikati kuufuata, Mato anakimbia nyuma ya mabeki na hakuna wa kumpa pasi. Hapo hata ukimleta Okwi wa mwaka 2018 atasimama tu mikono kiunoni.

Haya, semeni.

Kutoka Bombo

Kijana wangu, hesabu zako nimezisoma na sina ugomvi nazo. Lakini umehesabu upande mmoja. Kule Moroko tulifungwa mabao saba katika mechi tatu. Misri 2019 tulifungwa manne katika mechi nne, na Gabon matatu katika mechi tatu. Na ile safari ya kufuzu kwenda Misri tulicheza mechi tano bila wavu wetu kuguswa, mpaka Tanzania walipotupiga 3-0 Dar es Salaam tukiwa tumeshafuzu.

Unadhani hiyo ilikuwa kazi ya mabeki peke yao? Massa alikuwa anapokea mpira mgongo ukiwa golini, anaukalia mpaka wenzake wapande. Dakika ambayo mpira uko kwake ni dakika ambayo beki wetu anapumua. Miya alikuwa anashuka kumsaidia beki wa pembeni bila kuitwa. Sisi tuliozoea kushinda 1-0 tulijua kwamba mshambuliaji ndiye mlinzi wa kwanza. Hawa wa sasa wakipoteza mpira wanatazamana.

Halafu tuseme ukweli wote: mabao mawili kati ya hayo matatu ya Moroko yaliingia tukiwa nyuma 3-0. Omedi alifunga muda wa nyongeza, Tunisia wameshamaliza kazi. Mato naye hivyohivyo kwa Nigeria. Bao pekee lililotupa pointi ni la Ikpeazu, na huyo alikuwa na miaka 30. Na golini tulimrudisha Onyango akiwa na miaka 40. Kama ukongwe ni mzigo, mbona tuliukimbilia mambo yalipokuwa magumu?

Kutoka Kisenyi

Mimi sina mengi. Dakika za mwisho na Tanzania, 1-1, tunapewa penalti, Okello anapaisha juu. Ile penalti ikiingia tungekuwa tunazungumza mengine leo. Mkongwe angefunga. Basi.

Kutoka Arua

Ndugu zangu, mimi nafundisha vijana hapa mjini, kwa hiyo nisamehewe nikiwa mrefu kidogo.

Mnabishana juu ya majina manne au matano kana kwamba hayo ndiyo yote tuliyonayo. Novemba 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda Kombe la Dunia kule Qatar, mara ya kwanza kwa Uganda. Wakaifunga Ufaransa 1-0. Wakaitoa Senegal 1-0. Mabao yote mawili ni ya James Bogere, kijana aliyetoka Masaka Sunshine. Wakatolewa na Burkina Faso kwa penalti. Kwa hiyo chakula kipo jikoni, tena kingi.

Lakini nina hofu na nyote wawili, wewe mwanzilishi na mzee wa Bombo. Mwaka 2021 timu ya chini ya miaka 20 ilifika fainali ya Afrika kule Mauritania. Derrick Kakooza akawa mfungaji bora kwa mabao matano, matatu kati ya hayo akiwafunga Tunisia kwenye nusu fainali. Nchi nzima ikasema tumempata namba tisa wa miaka kumi. Akaenda Latvia, na mpaka leo hajawa mshambuliaji wa kutegemewa wa Cranes. Simlaumu yeye. Alikuwa mtoto aliyezoea kucheza na watoto, na ngazi ya kati tuliyopaswa kumjengea haikuwepo. Hakukuwa na mshambuliaji mtu mzima wa kumwambia, "Usikimbie mapema hivyo, msubiri beki atazame mpira kwanza." Mambo hayo mshambuliaji hajifunzi kwa kocha mwenye filimbi. Anajifunza mazoezini kwa mtu anayegombea naye namba.

Hapa kwetu timu yetu ya Onduparaka ilipokuwa Ligi Kuu, kijana wa Arua alikuwa anakwenda uwanja wa Green Light Jumamosi anamwona mshambuliaji Muhammad Shaban kwa macho yake, namna anavyomvuta beki kisha anamwacha. Shaban akaenda KCCA ya Kampala, na baadaye Onduparaka yenyewe ikashuka daraja. Sasa kijana wangu akitaka kuona mshambuliaji mzuri anamwona kwenye simu. Ninyi wa Kampala hamjui hasara ya jambo hilo.

Kwa hiyo mimi nasema mkongwe mmoja abaki. Mmoja tu, hata kama anacheza dakika ishirini. Kazi yake ya kwanza iwe mazoezini.

Kutoka Busia

Kaka mwanzilishi, mimi ni mpenzi wa Simba ya Dar es Salaam, kwa hiyo Ligi ya Tanzania naifuatilia kuliko yetu, nisamehe kwa hilo. Okwi alifunga mabao 20 msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora wa ligi. Mnamkumbuka kama mtu wa ajabu aliyekuwa anafunga peke yake. Haikuwa hivyo. Pale Simba kulikuwa na watu wa kumlisha pande zote. Akija Cranes alikuwa anangoja mpira mpaka dakika ya sabini.

Mukwala naye Simba walimchukua mwaka 2024 kutoka Asante Kotoko ya Ghana. Kwa Simba alikuwa anapata krosi. Kwa Cranes anapigiwa mipira mirefu ya juu na anagombana na mabeki wawili. Na bado alitufungia kule Algeria mapema kabisa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, kabla hatujapoteza 2-1 kwa penalti mbili. Mpeni mtu huyo mawinga halafu mje mseme.

Ila wa Kisenyi umenikera. Okello huyohuyo, CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, pale Namboole, tuko nyuma 3-1 na Afrika Kusini dakika zinaisha, alipiga penalti akafunga, tukarudi 3-3. Ukitaja moja taja na nyingine.

Kutoka Kisenyi

Dada, naikumbuka, nilikuwa Namboole. Lakini AFCON siyo CHAN.

Mwanzilishi wa mjadala

Nimesoma wote. Nianze na mzee wa Bombo, maana hoja yake ndiyo nzito.

Mzee, kuhusu mabao saba uko sahihi, na kwamba mshambuliaji analinda, shikamoo, sibishi. Lakini angalia hatari inapoanzia. Kiungo wetu Khalid Aucho anashuka kati ya mabeki wa kati kuchukua mpira. Okello anashuka naye. Mato na Omedi wako mbali huko mbele. Pasi ikikatwa katikati, kuna uwanja mtupu wa mita thelathini ambao hakuna hata mtu mmoja wetu. Umbali huo ndio unaotufunga. Massa alikuwa anaonekana mlinzi mzuri kwa sababu timu yote ilikuwa imebanana karibu naye. Ukimrudisha mtu wa aina yake katika mpangilio wa sasa, ataukalia mpira peke yake, na hatakuwa na wa kumpa.

Ikpeazu ni kweli alikuwa na 30, nami sijasema afukuzwe. Mtu aliyeko kikosini, anayecheza, abaki mpaka apitwe uwanjani. Ninachokataa ni kumpigia simu mtu aliyeshaondoka kwa sababu tumekasirika. Onyango golini ni jambo tofauti, kipa wa miaka 40 bado anaweza kusoma mchezo akiwa amesimama. Winga hawezi.

Mwalimu wa Arua, hapo umenibana, na sharti lako la mkongwe mmoja nalichukua, ila nitalisogeza kidogo: awe ni mchezaji ambaye bado yumo, na aambiwe wazi mapema kwamba hiyo ndiyo kazi yake, naye akubali kwa hiari. Na Bogere asipewe namba tisa ya Cranes kesho asubuhi kwa sababu ya Ufaransa. Aingie dakika ishirini, aketi karibu na Ikpeazu, acheze mechi za kirafiki zote. Nchi isimpandishe juu halafu imsahau kama ilivyomfanyia Kakooza.

Wa Kisenyi, mkongwe gani? Taja jina.

Kutoka Bombo

Hiyo ya mita thelathini nakupa, kijana. Nimeirudia mechi ya Nigeria nikaiona. Basi anayepaswa kupanda ni Aucho na mabeki wake, na hilo lataka mabeki wenye mbio, ambao sijui kama tunao. Tuanzie hapo kesho.