Maiti anayerukaruka: mbona ananitisha na kunichekesha kwa mpigo?

mtoto_wa_tandika: Wadau, juzi nimeirudia Mr. Vampire, ile ya Hong Kong ya 1985, nikiwa na binti yangu. Mara ya kwanza niliiona kibanda cha video, tumebanana kwenye benchi, mkalimani akipiga kelele juu ya Kichina. Maiti kavaa joho la maofisa wa enzi za Qing, wafalme wa zamani wa China, mwili umekakamaa, mikono mbele, anaruka kwa miguu yote miwili. Anakutafuta kwa pumzi, ukiibana anakupita. Kibanda kizima tulikuwa tunabana! Juzi namtazama binti, naye kabana, mashavu yamevimba, machozi ya kicheko yanamtoka. Za kutisha tupu nimeona nyingi, na nimezisahau. Hii imening'ang'ania nini?

fundi_redio: Ni zile dawa zake za jikoni, ndugu. Aliyejeruhiwa anatibiwa kwa mchele wa kunata, na muuza duka anauchanganya na mchele wa kawaida ili apate faida. Unacheka kwa kuwa muuzaji huyo unamjua mtaani kwenu. Halafu unakumbuka mgonjwa anaota makucha.

shangazi_wa_mvita: Mimi nimekua na hadithi za mumiani. Marehemu nyanya alitusimulia kwamba enzi za mkoloni watu walikimbia hata gari la zimamoto, wakiamini linakusanya damu. Hapo hakuna aliyecheka. Ukubwani nikaona What We Do in the Shadows ya 2014: wanyonya damu wamepanga nyumba moja Wellington, New Zealand, wanagombania kuosha vyombo, mmoja hajagusa sinki miaka 5. Mwingine anatandika magazeti kabla ya kung'ata, kochi lisichafuke. Mumiani wa nyanya hakuwa na sura wala nyumba. Hawa wana zamu. Nilicheka peke yangu sebuleni, na usiku ule nikalala taa imezimwa.

mtoto_wa_tandika: Shangazi, hiyo ya taa imenigusa. Mimi naongeza Lam Ching-ying, mwigizaji wa Mr. Vampire, yule mganga mwenye nyusi zilizoungana. Kote anakochekesha, uso haulegei. Anapigana kama maiti ni wa kweli, nasi tunamwamini. Binti anauliza kama kuna sehemu ya pili.

fundi_redio: Ipo, ya 1986, mambo ya kisasa. Humo maiti ni familia: baba, mama na mtoto, na mtoto anapata marafiki wa kibinadamu. Mwandalie leso.