Otter Trail, Afrika Kusini: tuuvukeje mto Bloukrans?

Mwuliza swali, Kampala
Ndugu wapenda matembezi, kundi letu limezoea kupanda Rwenzori na Elgon, na sasa tunakusudia kutembea Otter Trail, njia ya siku tano inayofuata ufuo wa miamba kwa kilomita zipatazo 45, kutoka Storms River Mouth hadi Nature's Valley. Urefu wake hautuogopeshi. Kinachotutia wasiwasi ni siku ya nne, ambapo wasafiri huuvuka mto Bloukrans pale unapoingia baharini, ilhali baadhi ya wenzetu hawajui kuogelea. Je, inafaa kwenda nao?

Mkaazi wa Kasese
Ndugu yangu, msiidharau njia yenyewe kabla hamjafika mtoni. Ni kweli kwamba hakuna baridi ya Margherita, kilele cha Rwenzori, wala upungufu wa hewa, lakini njia hiyo hushuka hadi kwenye mawe ya ufuoni na kupanda tena juu ya majabali, mara nyingi kwa siku moja, nanyi mkiwa mmebeba chakula cha siku zote. Sisi wa Rwenzori tumezoeshwa vibaya na wapagazi. Fanyeni mazoezi Sipi, kwenye miteremko ya Elgon, kila mtu na mzigo wake kamili.

Mzaliwa wa Lamu, sasa Entebbe
Ziwa Victoria halijai na kupwa kama bahari, na ndiyo maana naomba mlitazame jambo hili kwa makini kabla ya kuchagua tarehe. Bahari huchukua saa sita na kidogo kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku saa ya kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Bloukrans uko umbali wa kilomita 10 hivi kutoka vibanda vya usiku wa tatu; kwa hiyo, ikiwa maji yatapwa asubuhi, mtalazimika kuondoka gizani, kila mmoja na kurunzi yake ya kichwani. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana, ila yakianza kujaa hurudi kwa nguvu, na anayechelewa hana nafasi ya kujadiliana nayo. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, hayapwi sana, na huenda mkalazimika kuogelea hata mkifika kwa wakati. Mawimbi makubwa au mvua ya huko juu huharibu hesabu yote. Ipo njia ya dharura ya kutokea; ijueni mapema.

Mwalimu wa kuogelea, Jinja
Dada au kaka asiyejua kuogelea asiende mwaka huu. Nasema hivyo kwa upendo, kwa sababu nimeona jinsi mtu mwenye hofu anavyomng'ang'ania mwokoaji wake hadi wote wawili wakazama chini. Kamba husaidia, na begi lililofungwa vizuri ndani ya mfuko usiopitisha maji huelea, lakini hivyo havichukui nafasi ya ujuzi. Kundi moja haliruhusiwi kuzidi watu 12, nanyi mtatembea kwa mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wote; pangeni saa ya kuondoka kwa kumfuata yeye. Mkubaliane pia, mkiwa bado Kampala, ni nani atakayesema “turudi”.

Mwuliza swali, Kampala
Ahsanteni sana. Tumekutana jana na kuamua kwamba hakuna atakayelipia nafasi yake kabla ya kuogelea urefu wa bwawa akiwa amevaa nguo na viatu. Wawili wameshaanza masomo.